Ndoo ya Jumatano

Itaka, Jumapili 15 Juni 2008

Hili sijamwambia mtu. Si Mama, si Ruti rafiki yangu. Hata leo kanisani, mchungaji alipotuambia tufumbe macho kila mtu aseme la kwake kimyakimya, mimi sikusema lolote. Nilisikiliza bati likigongwa na upepo mpaka watu wakasema amina.

Jana jioni nilimwaga ndoo ya kahawa iliyooza ndani ya tangi la kikundi chetu cha wakulima.

Niandike taratibu, maana nikiandika haraka nitaanza kujitetea. Jumatano nilitumwa kupeleka ndoo ya kahawa mbivu mtamboni. Mtambo wa kikundi mwisho wa kupokea ni saa kumi na moja jioni, na sheria ni kwamba kahawa iliyochumwa leo imenywe maganda leo leo. Mimi nikakaa chini ya miti na kamusi ya Mwalimu Gibson nikitafuta neno langu la likizo (nitalieleza siku nyingine), kuja kuinua kichwa, jua limeshuka. Nilipofika wamefunga. Kurudi nayo nyumbani niliogopa. Nikapita kwa Bibi, nikaimenya kwa mashine yake ya mkono ya zamani, ile ambayo kikundi kilishakataza, nikaiacha na ute wake ndani ya ndoo nyuma ya jiko, nikafunika kwa majani ya mgomba. Nikasema kesho nitajua la kufanya. Kesho yake Mama akasafiri kwenda Itumba kwenye msiba wa shangazi yake, nikaachiwa kupika na wadogo zangu, nikasahau. Nilisahau kweli. Mpaka jana Bibi aliponiuliza, "Atupele, nyuma ya jiko langu umeweka nini kinanuka kama pombe ya juzi?"

Ningeitupa shimoni, basi. Lakini Baba ni katibu wa kikundi, na tangu nimepata akili namsikia akisema kahawa haitupwi. Hata punje iliyodondoka njiani anainama kuiokota. Nikaona kuitupa ni kosa kubwa kuliko kuificha. Tena nikajiambia, si itaoshwa? Kila kinachoingia tangini kinaoshwa. Kikishaoshwa kimekuwa safi kama vingine.

Anayelinda tangi, kahawa iliyomenywa inapolala ichachuke, na kuiosha ni Mama Ruti. Nilimkuta peke yake. Akasema, "Afadhali umekuja mwanangu. Nishikie hapa nikachukue kuni, baridi hii itaniua." Hakuuliza ndoo ina nini. Alipoondoka nikamwaga, nikakoroga kwa ule mti mrefu, nikasuuza ndoo kwenye mfereji. Alirudi na mzigo wa kuni kichwani, akanipa kiazi alichokuwa amekifukia kwenye majivu.

Nikakila.


Jumatatu 16 Juni

Leo wameosha. Nilikwenda kwa kisingizio cha kumpelekea Baba daftari la mapokezi.

Ukungu ulikuwa mzito, hata mtambo ulionekana kama kivuli. Mama Ruti alichomeka mti katikati ya tangi akauchomoa. Tundu likibaki wazi, kahawa imeiva, likijifumba, ingoje. Lilibaki wazi. Halafu akakunja mkono wa sweta, akaingiza mkono mpaka kiwikoni, akachota, akazisugua punje kiganjani karibu na sikio. Ndivyo anavyofanya siku zote, anazisikiliza. Utelezi ukiisha zinalia kama changarawe.

Leo alisikiliza. Akachota upande wa pili, akasikiliza tena. Akanusa.

"Vipi, Mama Ruti, tayari?" Baba akauliza.

"Tayari, katibu."

Akafungulia maji ya mto. Kwa kawaida anaosha maji matatu. Leo aliosha manne.


Jumatano 18 Juni

Baridi. Mama amerudi kutoka Itumba. Hakuuliza habari ya ndoo.


Jumamosi 21 Juni

Neno langu ni wash. Mwalimu Gibson alitupa kila mtu neno moja dogo la Kiingereza tulifuate likizo nzima na muhula unaofuata, "kama mnavyofuata ng'ombe", tuone linaingia mashamba ya nani. Septemba kila mmoja asimame mbele ya darasa alieleze. Ruti alipewa road. Akanicheka, "Wewe umepewa neno la beseni."

Mimi sisemi darasani. Mwalimu akiniuliza naangalia dawati, jibu ninalo lakini linakataa kutoka. Kwa hiyo tangu siku ile naiogopa Septemba.

Nilichokiona mpaka sasa ni kwamba Waingereza wana neno moja mahali ambapo sisi tuna kabati zima. Sisi nguo tunafua, vyombo tunaosha, mikono tunanawa, mwili tunaoga, sakafu tunapiga deki, na kuna lile la chooni ambalo sitaliandika hata humu. Wao yote wash. Mtu akisema I washed, huwezi kujua ametoka bafuni au ametoka kuzika. Maana na maiti wanawash.

Kwenye magunia ya kikundi imeandikwa kwa wino mweusi WASHED. Nimepita pale mara elfu sijawahi kuisoma.

Niandike na hili la Mama Ruti. Jina lake Enesi. Mume wake alifariki, ni miaka mitatu sasa, ndugu za mume wakachukua miti yote ya kahawa, wakamwachia kitanda. Kikundi ndicho kilichompa kazi ya tangi, na chumba kile kando ya stoo, na kwa kazi hiyo Ruti anasoma. Tunakaa dawati moja, kidato cha tatu. Kazi ikiisha hana pa kukaa hapa Itaka. Atarudi kwao Msangano, na kule Ruti hana wa kumlipia, shule imeishia hapo. Hayo nilikuwa nayajua siku zote. Jumamosi ile nikiwa na ndoo mkononi niliyajua pia, ila hayakuja mbele.


Jumamosi 28 Juni

Kahawa ya tangi lile inakaushwa juani kwenye kichanja cha pili. Jua linatoka saa tano, saa tisa limeshachoka. Tumekaa akina mama na sisi wasichana pande mbili za kichanja tukichambua punje mbovu.

Mama Ruti anachambua kuliko wote. Wenzake wakienda kula yeye anabaki. Anaokota, ananusa, anatupa. Mama Anania akamtania, "Mwenzetu unatafuta shanga iliyokukatikia humo?"

"Natafuta mume," akajibu. Wakacheka. Hakuinua macho.

Nilisimama upande wake nikachambua naye mpaka vidole vikafa ganzi. Sikumwambia ninachotafuta, naye hakuniambia anachotafuta.


Jumamosi 5 Julai

Tunduma na Baba, kununua turubai za kichanja.

Malori yamejipanga mpaka huku nje ya mji, madereva wanapika kando ya matairi. Karibu na mpaka kuna uwanja umejaa matope, na bango kubwa CAR WASH, na wanaume wenye mabuti wanayamwagia malori maji kwa mpira. Nikaandika kwenye kiganja. Baba akasema, "Unaandika nini mikononi kama mlozi?"

Dukani kwa Mzee Othmani tulingoja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya duka na birika la plastiki, anajimiminia maji mkono wa kulia, mara tatu, kisha wa kushoto. Sijui nilipata wapi ujasiri, labda kwa kuwa ni mtu ambaye sitamwona tena. Nikamuuliza kama kile anachofanya ni kunawa.

"Natawadha, binti. Kunawa ni uchafu, kutawadha ni nia." Akafuta masikio. "Unaweza kuwa msafi umetoka kuoga sasa hivi na bado ukatakiwa kutawadha. Na maji haya haya ukiyatumia bila nia, umejilowesha tu."

Mwanamke mmoja wa Zambia aliyekuwa anachagua vitenge akadakia kwamba kwao ni ukusamba. Mzee Othmani akamwambia, "Wewe nunua, somo la lugha bei yake nyingine."

Njiani kurudi nililifikiria lile neno nia. Mimi siku ile nia yangu ilikuwa nini? Sikutaka kumwumiza mtu. Nilitaka tu nisisemwe. Sijui kama hiyo nayo ni nia.

Baba alikuwa na furaha safari nzima. Kuna mnunuzi amesema mzigo wa kwanza ukionjwa ukapita, atachukua kahawa yote ya msimu kwa jina la kikundi chetu, bila kuchanganywa na ya wengine. Wanachama sitini na tatu wamengoja hili miaka sita. Mzigo wa kwanza ndio ule wa kichanja cha pili.


Jumatano 9 Julai

Shule zimefunguliwa. Ruti kaniuliza mbona nimekonda. Nikasema baridi.


Jumapili 20 Julai

Upepo. Vumbi mpaka kwenye uji.


Jumamosi 2 Agosti

Sampuli imekwenda kwa mnunuzi. Baba ameifunga mwenyewe kwenye mfuko wa kaki, akaandika jina la kikundi kwa mwandiko wake wa katibu, herufi zimelala upande mmoja kama mahindi baada ya upepo. Mama Ruti alisimama mlangoni mwa stoo akiangalia. Mwenyekiti, Mzee Nikodemo, akamwambia, "Mama Ruti, mikono yako hiyo ndiyo inakwenda kuonjwa."

"Mungu aibariki," akasema.

Wataikaanga, wataisaga, wataimwagia maji ya moto, watainusa. Mwalimu wa kilimo ndiye alituambia. Hawanywi, wanavuta kijikoni kwa kelele na kutema. Akasema punje moja tu iliyooza kwenye kikombe inatosha, ulimi wao unaikamata. Darasa likacheka lile la kutema. Mimi nikaomba ruhusa kwenda nje.


Jumapili 10 Agosti

Sampuli haijarudi.


Jumapili 17 Agosti

Sampuli haijarudi. Mto umepungua, mtambo unafanya kazi siku mbili kwa wiki. Ruti anasema mama yake halali vizuri, anaamka anashika mikono yake anainusa. Alisema kwa kucheka, kama mtu anayesimulia kituko cha mzazi.


Jumamosi 23 Agosti

Imerudi.

Baba aliisoma akiwa amesimama, kofia hajavua. Imekataliwa. Karatasi ni ya Kiingereza, akanipa nimsomee ili ahakikishe hajakosea. Kwa hiyo ni mimi niliyeisoma kwa sauti, sebuleni, Mama akiwa ameshika mwiko. Ladha ya uvundo, vikombe vitatu kati ya vitano. Chanzo kinachodhaniwa: kahawa ya zamani imechanganyika na mpya kwenye tangi, au tangi halikusafishwa. Mnunuzi anashukuru, hatachukua.

"Sema tena hapo kwenye tangi," Baba akasema.

Nikasema tena. Kiingereza changu kilikuwa kizuri. Sikutetemeka. Nilijiogopa nilivyosoma vizuri.

Baba akakaa. Alikaa muda mrefu, kofia bado kichwani. "Tangi halikusafishwa," akasema, si kwetu. "Na mimi nilimwamini yule mama."

Hapo ndipo. Kama kuna mahali pa kusema palikuwa hapo, neno lilikuwa mdomoni, ulimi umelishika kabisa. Mama akasema, "Ugali unapoa." Tukaenda kula.


Jumamosi 30 Agosti

Mkutano. Nitauandika wote, hata mkono ukiuma.

Ulifanyika ndani ya stoo kwa sababu ya vumbi. Watoto hawaruhusiwi, sisi tulisimama nje dirishani, mimi, Ruti na wengine wachache. Wanachama walikaa juu ya magunia. Mama Ruti alipewa kiti, peke yake, katikati. Kiti kilikuwa cha heshima lakini hakikuonekana hivyo.

Mzee Nikodemo alianza kwa sala. Halafu akasema, "Enesi." Hakusema Mama Ruti. "Wewe ndiye mwenye tangi. Tueleze."

"Tangi nilisafisha, mwenyekiti. Nilisugua kwa brashi, nikasuuza, kama siku zote."

"Ulilala?"

"Sikulala."

"Ulitoka?"

"Nilitoka. Nilikwenda kuchukua kuni."

Stoo ikaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Kuni za Juni zina mikono na miguu." Wakacheka. Mwingine akaongeza, "Mwacheni, baridi ya mjane haifanani na yenu." Wakacheka zaidi, hata akina mama, hata Mama Anania aliyechambua naye kichanjani msimu mzima. Ruti pembeni yangu aliacha kupumua. Nilimsikia alivyoacha.

Mzee Nikodemo akagonga meza. "Ulipotoka ulimwacha nani?"

Mama Ruti akainua uso. Aliangalia dirishani. Aliniangalia mimi, si Ruti. Sijui aliangalia muda gani. Nilimwona vizuri, uso hauna hasira, unangoja tu, kama unavyongoja maji yajae ndoo.

Nikainamisha kichwa.

"Sikumwacha mtu," akasema. "Nilitoka mwenyewe."

"Basi umejihukumu," akasema Mzee Nikodemo, na sauti yake haikuwa mbaya, ilikuwa imechoka. "Watu sitini na tatu, miaka sita. Kwa kuni."

Waliopiga kura walinyoosha mikono. Baba alihesabu, akaandika, akasoma alichoandika: kikundi kimemwondoa kazini ndugu Enesi kuanzia leo, na chumba akirudishe ndani ya siku saba. Kalamu yake ilikwama wino mahali pa jina, akaipuliza, akaandika tena.

Mama Ruti akasimama, akasema asanteni. Akakirudisha kiti ukutani.

Ruti akaniuliza, "Mama hajawahi kuliacha tangi bila mtu. Kwa nini amesema vile?"

Nikamwambia sijui.


Jumatatu 1 Septemba

Nimejaribu. Baba alikuwa anafunga baiskeli.

"Baba."

"Naam."

"Kuna kitu. Kama mtu amefanya jambo, halafu mwingine..."

"Kama ni lile daftari kubwa nitakununulia Jumamosi. Nimesema nitanunua, nitanunua."

Nikamwangalia. Alikuwa amechoka, ndevu hajanyoa tangu mkutano.

"Ndiyo," nikasema. "Daftari."


Alhamisi 4 Septemba

Zamu yangu darasani. Nilidhani nitakufa, sikufa.

Nilisimama nikaongea karibu dakika kumi na tano. Nilisema wash ya mwili na ya nguo na ya malori ya Tunduma. Nilisema kutawadha, na yule mzee na birika lake. Nilisema mvua kubwa ikichukua daraja wanasema washed away, na mtu akichoka sana uso ukapauka wanamwita washed out, kama nguo iliyofuliwa mno. Nilipofika kwenye kunawa mikono na jambo, Anania akapaza sauti, "Pilato huyo." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Mwalimu Gibson akasema hapo Kiingereza na Kiswahili vimekunywa kisima kimoja. Halafu akaniongezea jingine: maelezo yasiyoaminika wanasema that won't wash. Yaani ukiyatia majini yanachujuka rangi.

"Kwa mfano?" akaniuliza.

Mfano nilikuwa nao. Ulikuwa umekaa dawati la pili, sketi imepigwa pasi kwa mara ya mwisho, maana Ruti alikuja leo kuaga na kurudisha vitabu.

Nikatoa mfano wa mwanafunzi aliyechelewa akasingizia mvua wakati wa kiangazi.

Mwalimu alisema ni kazi bora kuliko zote. Akasema, "Kumbe Atupele una sauti." Wakapiga makofi. Ruti alipiga kuliko wengine, mikono juu ya kichwa, anatabasamu mpaka meno ya mwisho. Mimi ambaye sijawahi kusema neno mbele za watu, leo nimesema mia. Lile moja halikutoka.


Jumamosi 6 Septemba

Joto limeanza. Wanachoma mashamba, moshi umekaa bondeni, mvua iko mbali. Mama alinituma nikamsaidie Mama Ruti kufunga mizigo. Alinipa na sahani ya maharage nimpelekee. "Maskini," alisema. "Ila na yeye alizembea."

Ruti alikuwa amekwenda kumuaga mchungaji. Tulikuwa wawili. Godoro, sufuria tatu, sanduku, picha ya mume wake amevaa suti ya kuazima. Tulikunja godoro, akaninyooshea kamba niishike upande mmoja.

"Vuta," akasema. Nikavuta. Halafu, bado ameshika upande wake wa kamba, akasema, "Nilijua Jumatatu ile ile, nilipoingiza mkono."

Nikaendelea kuvuta kamba.

"Kahawa ya siku mbili ina uhai wake. Ile niliyoshika ilikuwa imeshakufa. Nikatoka mpaka mfereji, nikakuta punje zimeng'ang'ania kwenye majani, na si mahali ninaposuuzia mimi." Akafunga fundo. "Nikasema nitaiosha zaidi. Nikasema nitaichambua. Labda nitaimaliza yote kabla hawajaionja. Sikuimaliza."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesemaje, Atupele? Kwamba mtoto wa katibu amemwaga uozo na mimi nimekwenda kuchukua kuni? Wangesema mjane anatafuta wa kumtwika. Mimi nikisema ni maneno. Wewe ukisema ni ushahidi." Aliongea polepole kama anavyoongea na mtu mgonjwa. "Nilikuwa nakungoja. Mwezi wa sita nilikungoja, wa saba nikakungoja. Siku ya mkutano nilipokuona dirishani nikasema, huyo, sasa anasema."

Nilikuwa nalia, lakini kulia si kusema, na yeye alijua.

"Nitasema leo," nikamwambia. "Nitamwambia Baba leo jioni."

"Sema."

"Wataitisha mkutano mwingine. Watakurudisha."

Alinifuta uso kwa kona ya kitenge chake, kwa nguvu kidogo, kama anavyomfuta Ruti. "Gari la Msangano linaondoka kesho baada ya ibada," akasema. "Ukisema kabla, nitashusha mizigo. Na kama husemi, Ruti usimwambie kamwe. Yule hana rafiki mwingine."

Nilikuwa namwona Mama Ruti kama mtu mpole asiyejua mambo. Kumbe miezi mitatu alikuwa anajua kila kitu, na kila siku ananisalimia.

Jioni Baba alikuwa na wageni. Walikaa mpaka nikalala.


Jumapili 7 Septemba

Sikwenda ibada. Nilisema tumbo.

Kwa kuwa mdomo umenishinda nimeamua kuandika. Mkono wangu hauna aibu. Nimechana karatasi katikati ya daftari hili, nimeandika, nikaona nimejitetea, nikachana nyingine. Hii ni ya nne. Ina mistari sita tu. Inasema: Baba, kahawa ya mzigo wa kwanza niliiharibu mimi, Jumamosi tarehe 14 Juni, kwa ndoo iliyomenywa Jumatano kwa Bibi. Mama Ruti aliniachia mimi tangi. Alijua, hakunitaja. Mwambie Mzee Nikodemo kabla gari halijaondoka. Nimetia jina langu lote.

Wametoka ibada. Nimesikia watu wakipita wanacheka, na Mama ameingia jikoni. Gari limeshafika njia panda, nalisikia linanguruma, yule dereva huwa hazimi injini, anaogopa haitawaka tena. Konda anagonga bodi. Wanapakia. Kutoka hapa mpaka pale Baba akienda na baiskeli ni dakika tano, sita akiwa amechoka.

Nimepanga hivi: Baba akiingia namkabidhi karatasi bila kusema neno, halafu natoka nje nakaa kwa Bibi mpaka waniite.

Konda amegonga mara ya pili.

Baba ameingia. Hizo ni hatua zake, viatu vyake vya ibada vina sauti ya soli ngumu. Ameweka Biblia mezani. Anamuuliza Mama nimeamkaje. Mama anamwambia aje aniangalie mwenyewe, tangu asubuhi sijala. Anakuja. Anatembea taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa, na ndicho kinachonimaliza, kwamba anatembea taratibu.

Karatasi naikunja mara mbili. Naiweka ndani ya foronya, chini kabisa, upande wa ukuta. Daftari nalo naliingiza humo humo